Jinsi Seli za Mimea Zinavyofyonza Virutubisho Chupani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi na mafundi wa maabara za ukuzaji wa tishu ambao tayari wanajua kupima chumvi na kuchemsha agari, lakini wangependa kuelewa kinachoendelea baada ya chupa kufungwa. Mfano unaorudiwa ni tumbaku, kwa sababu seli zake zimechunguzwa kwa muda mrefu na kwa kina. Pale inapofaa umetajwa mgomba, ambao huzalishwa kwa wingi kwa njia hii nchini Kenya, Uganda na Tanzania.

Seli iliyotengwa na mmea wake hula nini?

Katika mmea mzima kazi imegawanywa: majani hutengeneza sukari, mizizi huchukua maji na madini, na mishipa husafirisha vyote hadi vinapohitajika. Seli iliyowekwa chupani haina jani wala mzizi wa kuutegemea, na mara nyingi haina klorofili ya kutosha kujitengenezea chakula hata ikikaa kwenye mwanga. Kila kitu sharti kitoke katika mchanganyiko wa lishe. Kaboni na nishati hutoka kwenye sukari, ambayo kwa kawaida ni gramu 30 za sukrosi kwa lita moja. Nitrojeni hutoka kwenye nitrati na amoniamu. Potasiamu, kalisi, magnesi, fosfati na salfati huwekwa kwa kiasi kinachohesabika kwa milimoli, ilhali chuma, manganisi, zinki, boroni, shaba na molibdeni hutiwa kwa kiasi kidogo mno. Huongezwa pia vitamini chache, hasa thiamini, pamoja na homoni za ukuaji.

Oksijeni haiandikwi katika orodha hiyo, lakini bila oksijeni vyote vilivyotajwa hubaki nje ya seli. Sababu yake inaelezwa katika jibu linalofuata.

Virutubisho huingiaje ndani ya seli?

Huvuka vizuizi viwili visivyolingana hata kidogo. Cha kwanza ni ukuta wa seli, ambao umefumwa kwa selulosi na pektini na una matundu makubwa ya kutosha kupitisha maji, ioni na molekuli za sukari bila shida. Ukuta huo una chaji hasi, kwa hiyo hushikilia kwa muda ioni zenye chaji chanya, hasa kalisi, lakini hauzuii safari. Kizuizi cha pili, utando wa seli, ndicho chenye mamlaka. Utando huo umejengwa kwa mafuta, na ioni yenye chaji haiwezi kupita kwenye mafuta. Hupita tu pale penye protini maalumu iliyotobolewa au kuumbwa kwa ajili yake.

Injini ya shughuli yote ni pampu ya protoni iliyomo katika utando huo. Pampu hii hutumia ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, kusukuma ioni za hidrojeni kutoka ndani kwenda nje, na matokeo yake ni mawili kwa wakati mmoja. Kwanza, nje ya seli huwa na tindikali zaidi kuliko ndani: ikiwa pH ya lishe (kipimo ambacho hushuka tindikali inapozidi) ni 5.8 na ya ndani ya seli ni takriban 7.3, ukolezi wa ioni za hidrojeni nje ni mara 30 hivi ya ule wa ndani. Pili, ndani ya seli hubaki na chaji hasi, kwa kawaida kati ya milivolti 120 na 200 chini ya nje. Hivyo protoni zilizotolewa husukumwa kurudi ndani na nguvu mbili, na protini za usafirishaji hutumia msukumo huo kuingizia mizigo. Protoni inaporudi, huvuta pamoja nayo nitrati, fosfati, sukari au asidi amino.

Ioni zenye chaji chanya zina njia nyepesi zaidi. Potasiamu inapokuwa nyingi nje, kama ilivyo katika lishe za kawaida, huingia kupitia mifereji ya protini kwa kuvutwa tu na chaji hasi ya ndani. Kalisi huvutwa vivyo hivyo, lakini hapo seli hukabili tatizo la kinyume. Lishe ina takriban milimoli 3 za kalisi kwa lita, ilhali majimaji ya ndani ya seli hayapaswi kuwa na zaidi ya sehemu ndogo sana ya kiasi hicho, yaani pungufu kwa makumi ya maelfu ya mara, kwa sababu kalisi ndiyo ishara ambayo seli huitumia kujipa taarifa. Hivyo mifereji yake hufunguliwa kwa uangalifu, na ziada husukumwa nje au kufungiwa ndani ya vakuoli, yaani kifuko cha akiba kilichomo ndani ya seli. Boroni ni ya pekee kidogo: katika pH ya lishe huwa asidi ya boriki isiyo na chaji, na sehemu yake hupenya utando moja kwa moja.

Kwa kuwa pampu inaendeshwa na ATP, na ATP hutokana na upumuaji, ufyonzaji wa virutubisho ni kazi ambayo seli huilipia kwa sukari na oksijeni. Kwa seli zinazokuzwa katika kimiminika, mashine ya kutikisa chupa ikizimika usiku kwa kukatika kwa umeme, seli huzama chini, oksijeni inayozizunguka hupungua, na ufyonzaji hudorora ingawa chupa imejaa kila kirutubisho.

Kwa nini mchanganyiko wa Murashige na Skoog una chumvi nyingi kuliko ule wa awali?

Toshio Murashige na Folke Skoog, waliokuwa Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, hawakuanza kwa nia ya kuandika kanuni mpya ya lishe. Walikuwa wakikuza tishu za tumbaku, nao waliona kwamba maji yaliyotokana na majani ya tumbaku yaliongeza ukuaji kwa kiasi kikubwa. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba ndani yake kuna homoni isiyojulikana. Uchunguzi ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya nguvu hiyo ilitokana na madini ya kawaida ya jani. Maana yake ni kwamba tishu zilikuwa na njaa ya chumvi muda wote, na lishe zilizotumika zilificha jambo hilo. Mwaka 1962 walichapisha mchanganyiko ambao hadi leo hujulikana kwa herufi MS.

Nitrojeni katika MS ni takriban milimoli 60 kwa lita, 40 kutoka nitrati na 20 kutoka amoniamu. Lishe ya White, iliyotumika sana kabla yake na ambayo asili yake ni ukuzaji wa mizizi, ina chini ya sehemu moja ya kumi ya kiasi hicho. Potasiamu ya MS ni milimoli 20, kalisi 3, magnesi 1.5 na fosfati 1.25. Hesabu hiyo iliwekwa kwa ajili ya tumbaku, na ndiyo maana inafaa kuuliza kila mara kama mmea wako una mahitaji hayo hayo. Mwaka 1968 Gamborg na wenzake walitoa mchanganyiko wa B5 kwa ajili ya seli za soya, wenye nitrati milimoli 25 na amoniamu milimoli 2 tu, na zipo seli nyingi zinazostawi vizuri zaidi humo kuliko katika MS. Kuichukulia MS kama chaguo pekee ni mazoea tu.

Je, sukrosi huingia ikiwa nzima?

Sehemu yake huingia nzima kwa msaada wa protini inayoipitisha pamoja na protoni, lakini katika aina nyingi za seli sehemu kubwa hukatwa kwanza. Kimeng'enya kiitwacho invatesi, kilichofungamana na ukuta wa seli, huigawa sukrosi kuwa glukosi na fruktosi, kisha kila moja huingia kwa mlango wake. Ukipima sukari za kimiminika siku baada ya siku, utaona sukrosi ikipungua haraka huku glukosi na fruktosi zikiongezeka, na baadaye glukosi ikitangulia kuisha kwa kuwa seli huipendelea. Aidha, kiasi fulani cha sukrosi huwa kimekwisha kuvunjika kabla seli hazijawekwa, kwa sababu ya joto la otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke.

Mgawanyiko huo una athari isiyozungumzwa vya kutosha. Gramu 30 za sukrosi ni takriban milimoli 88, na zikikatwa zote huwa milimoli 175 za sukari ndogo. Nguvu ya osmosisi ya lishe, yaani ya kuvuta maji, huongezeka katika siku za mwanzo bila mtu yeyote kutia kitu, kisha hushuka kadiri sukari inavyofyonzwa.

Nitrati na amoniamu zote ni nitrojeni. Kwa nini huwekwa pamoja?

Kwa sababu kila moja ina gharama yake, na gharama hizo hufidiana. Hapa ndipo penye siri ya pH ya chupa.

Nitrati huingia pamoja na protoni, kwa kawaida mbili kwa kila ioni moja, kwa hiyo ufyonzaji wake hupunguza tindikali ya lishe na pH hupanda. Ikishaingia haitumiki moja kwa moja. Kimeng'enya chenye molibdeni huigeuza kuwa nitriti, kisha kimeng'enya kingine ndani ya plastidi huigeuza nitriti kuwa amoniamu, na hatua zote mbili hula nishati. Hiyo ndiyo sababu molibdeni, ambayo katika MS ni robo tu ya miligramu ya chumvi yake kwa lita, haiwezi kuachwa.

Amoniamu haina mzunguko huo. Huingia kwa kuvutwa na chaji hasi na huunganishwa mara moja na asidi ya glutamiki kutengeneza glutamini. Seli huipenda kwa sababu ni rahisi, na ikiwapo amoniamu ya kutosha ufyonzaji wa nitrati hupunguzwa. Lakini kila ioni ya amoniamu inayoingia na kutumika huacha protoni ya kutolewa nje, na tindikali huongezeka. Ndiyo maana chupa ya MS yenye seli za tumbaku, iliyoanza na pH 5.8, huweza kushuka karibu na 4.5 katika siku chache za kwanza, kisha kupanda tena amoniamu inapopungua na nitrati kushika nafasi yake. Anayepima pH mara moja tu, kabla ya otoklevu, anajua hali ya chupa ambayo seli bado hazijaigusa.

Seli nyingi zikipewa amoniamu peke yake hushindwa kukua, kwani lishe hugeuka tindikali kali na seli hupungukiwa na kaboni ya kuunganishia amoniamu hiyo. Hali hurekebishika kwa kiasi kikubwa ukiongeza asidi ya kikaboni kama vile sitrati, malati au saksineti, ambayo hutuliza pH na kuipa seli kaboni hiyo. Nitrati peke yake huvumilika zaidi, ingawa pH hupanda na ukuaji wa baadhi ya seli huwa wa pole.

Ni kirutubisho gani huisha kwanza?

Mara nyingi ni fosfati. Seli zilizohamishiwa kwenye lishe mpya huifyonza kwa pupa, na katika seli nyingi zinazoelea kwenye kimiminika fosfati yote ya nje huweza kutoweka katika siku moja hadi chache. Haitumiki yote papo hapo. Huhifadhiwa ndani ya vakuoli na kutolewa kidogo kidogo seli zinapogawanyika. Kwa hiyo kukosekana kwa fosfati katika kimiminika siku ya nne si ushahidi kwamba seli zina njaa.

Hata hivyo akiba hiyo ina mwisho. Seli za tumbaku za aina ya BY-2, zilizoanzishwa nchini Japani na zinazoweza kuongezeka mara 80 hadi 100 kwa wiki moja, hukuzwa katika MS iliyoongezwa fosfati ya potasiamu kutoka miligramu 170 hadi 370 kwa lita, kwa sababu kasi yao hupita kiasi cha kawaida.

Kwa nini chuma hufungwa na EDTA?

Chuma kikiachwa huru katika pH ya lishe hushikana na fosfati au hidroksidi na kutua chini kama vumbi la rangi ya kutu, na chuma kilichotua hakifyonzwi. EDTA, kemikali inayoshika ioni za metali, hukishikilia kikiwa kimeyeyuka. Kwenye uso wa seli chuma hupokonywa kutoka EDTA kwa kubadilishwa kutoka hali ya chaji tatu kwenda chaji mbili, kisha huingizwa na protini yake. Mwanga huharibu muungano wa chuma na EDTA, kwa hiyo akiba ya mchanganyiko huo hutunzwa katika chupa ya kahawia au iliyofunikwa. Kwa sababu kama hiyo ya kutua, kalisi haichanganywi na fosfati wala salfati katika akiba iliyokolezwa.

Je, homoni nazo hufyonzwa kwa njia ile ile?

Hapana, na tofauti zake zinastahili kujulikana kwa sababu zinaeleza mambo ambayo kwa kawaida huachwa yaitwe tabia za mmea. Auksini, kundi la homoni zinazochochea seli kukua na kugawanyika, ni asidi dhaifu. Sehemu yake isiyo na chaji hupenya utando yenyewe, na ikifika ndani, ambako tindikali ni ndogo, hupoteza protoni, hupata chaji na kunaswa humo. Kwa NAA, auksini inayotengenezwa kiwandani, sehemu isiyo na chaji katika pH 5.8 ni asilimia 2 hadi 3 hivi, lakini pH ikishuka hadi 4.8 hufikia takriban asilimia 20. Kwa maneno mengine, seli zinapoitia lishe tindikali kwa kula amoniamu, hujifungulia pia mlango wa auksini bila fundi kubadilisha kipimo chochote.

Uchunguzi wa seli za tumbaku umeonyesha kwamba auksini tatu zinazotumika sana hupita kwa njia tofauti. NAA huingia hasa kwa kupenya yenyewe, na hutolewa nje kwa urahisi na protini za usafirishaji. Kwa 2,4-D mambo ni kinyume: huingizwa na protini maalumu, na seli haina uwezo mkubwa wa kuitoa. IAA, ambayo ni auksini ya asili, hutumia njia zote. Ndiyo sababu mojawapo inayofanya 2,4-D idumu ndani ya seli na kuendelea kuzilazimisha kugawanyika.

Kuna tofauti gani kati ya kimiminika kinachotikiswa na lishe ya agari?

Katika kimiminika kila seli iliyo upande wa nje wa kifundo cha seli hugusana na lishe inayojipya kila mara, na tatizo huwa ndani ya vifundo vikubwa, ambako oksijeni na sukari hufika kwa shida. Kwenye agari, tishu hugusa lishe kwa upande wa chini pekee. Virutubisho vilivyo jirani huisha na vingine hulazimika kusafiri polepole ndani ya agari, kisha kupanda kupitia kuta za seli za chini hadi za juu. Donge la kalusi, yaani tishu ya seli zisizo na umbo la jani wala mzizi, lenye unene wa sentimita moja lina seli zilizoshiba chini na seli zenye njaa juu, na mtu anayelikata vipande sawa bila kuligeuza anaotesha vipande visivyo sawa.

Kwa machipukizi ya mgomba au mmea mwingine huongezeka suala la kalisi. Madini haya husafiri hasa kwa mkondo wa maji unaovutwa na majani yanapotoa mvuke, nayo hewa ya chupa iliyofungwa huwa na unyevu mwingi kiasi kwamba mvuke hautoki ipasavyo. Matokeo yake ncha ya chipukizi huweza kukauka na kuwa nyeusi wakati lishe ina kalisi ya kutosha. Kuongeza kalisi husaidia kiasi, lakini mara nyingi kifuniko kinachopitisha hewa husaidia zaidi. Weusi unaotoka kwenye jeraha la mgomba ulioanza kuwekwa chupani ni jambo jingine: hizo ni fenoli, kemikali za mmea wenyewe, zilizokutana na oksijeni, na dawa yake ni kuhamisha tishu mapema au kutumia asidi ya askobiki (vitamini C).

Nikiongeza virutubisho mara mbili, ukuaji utaongezeka?

Kwa nadra. Protini za usafirishaji zina kikomo cha kasi, na zikishajaa mzigo, kuongeza ukolezi nje hakuongezi kinachoingia. Wakati huohuo chumvi na sukari ya ziada huvuta maji kutoka kwenye seli, na amoniamu ikizidi huwa sumu. Kwa hatua kama ya kuotesha mizizi, maabara nyingi hupunguza MS hadi nusu na kupata matokeo mazuri zaidi.

Maji ya dafu na sukari ya dukani vinaweza kutumika?

Vyote viwili vinaweza. Sukari nyeupe ya mezani ni sukrosi karibu yote, na kwa uzalishaji wa miche haina kasoro ya kutisha. Kwa utafiti wa lishe yenyewe haifai, kwa sababu uchafu wake haujulikani na hubadilika kati ya mfuko na mfuko. Maji ya dafu yana historia ndefu katika fani hii: mwaka 1941 van Overbeek na wenzake waliyatumia kukuza viinitete vichanga vya mmea wa Datura, na katika miaka ya 1950 maabara ya Frederick Steward katika Chuo Kikuu cha Cornell iliyatumia kukuza seli za karoti. Yana sukari, asidi amino, potasiamu, inositoli na saitokinini (homoni za kugawanya seli), vitu ambavyo seli huvifyonza kwa milango ile ile iliyoelezwa hapo juu. Udhaifu wake ni kwamba dafu moja halifanani na jingine, na yeyote anayeyatumia katika jaribio atapata shida kueleza tofauti alizoziona.

Nitajuaje kwamba lishe imekwisha na wakati wa kuhamisha umefika?

Kwa kimiminika, kipimo rahisi ni uwezo wa lishe kupitisha umeme. Ioni zinapoingia ndani ya seli, uwezo huo hushuka kwa mpangilio unaoendana na ongezeko la wingi wa seli, na kifaa chake ni cha bei nafuu na hutumia mililita chache tu. Pima pia pH, na sukari iliyobaki kwa rifraktomita, kifaa kinachopima ukolezi kwa mwanga. Chora mistari hiyo mitatu kwa mzunguko mmoja mzima wa seli zako, bila kuhamisha, hadi ukuaji usimame.

Sukari ikikaribia kwisha huku pH ikipanda, seli ziko ukingoni: zitaanza kula akiba zake, kisha protini zake, na kurudisha amoniamu kwenye lishe. Hamisha kabla ya hapo, katika siku ambazo ukuaji bado ni wa kasi, ambazo kwa BY-2 ni karibu na siku ya saba na kwa seli za pole huweza kuwa wiki mbili au zaidi. Chukua kiasi cha kutosha cha seli unapohamisha. Zikiwa chache mno katika lishe mpya, hupoteza nje vitu zilivyojitengenezea na hukaa muda mrefu bila kugawanyika, hata kama kila chumvi imepimwa sawasawa. Kuchanganya lishe mpya na sehemu ya lishe ya zamani iliyochujwa hufupisha ukimya huo.